Matundu Manne Chini ya Mlima Meru

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Arusha ilipokuwa bado makao makuu ya Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja na wenzake kuwapima Wamasai. Jina lake George Mann. Walipima wanaume wapatao 400, pamoja na wanawake na watoto, na zaidi ya yote walitaka kujua kiasi cha lehemu katika damu yao, yale mafuta ambayo wengi huyaita kolesteroli. Wakati ule madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshaanza kuamini kwamba mafuta ya wanyama ndiyo yanayoziba mishipa ya moyo. Mmasai, aliyekulia kwenye maziwa, nyama na damu, alitarajiwa awe mgonjwa wa mfano. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1964 ikasema kinyume: lehemu ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno.

Mwaka 1971 kundi jingine la watafiti, akiwemo Kurt Biss, Kang-Jey Ho na Bruce Taylor, liliandika kuhusu Wamasai katika New England Journal of Medicine. Hawa hawakuishia kwenye damu, waliiangalia na nyongo. Ini la binadamu hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kila siku, na sehemu yake huwekwa na kukolezwa katika kifuko kidogo chini ya ini, chenye nafasi ya mililita 30 hadi 50 tu. Ndani ya nyongo hiyo lehemu haigandi kwa sababu chumvi za nyongo na mafuta aina ya lesithini huiyeyusha. Lehemu ikizidi, au chumvi zikipungua, chembe hujitenga, hushikana, na baada ya miezi au miaka jiwe hupatikana. Katika nyongo ya Wamasai uwiano huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba mawe ya lehemu yalikuwa adimu sana.

Kwa hiyo historia ya upasuaji wa kifuko cha nyongo katika nchi hizi zinazouzunguka Mlima Meru inaanzia mahali pasipo pa kawaida: kwenye ugonjwa uliokosekana. Jambo hilo si dogo. Ugonjwa usioonekana haufundishwi, hauulizwi maswali, haununuliwi vifaa. Unapokuja kuonekana, huwakuta watu mikono mitupu.

Katika miaka hiyohiyo daktari mwingine alikuwa akiufuatilia ukosefu huo kwa njia yake. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyepoteza jicho moja utotoni, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Dunia inamjua kwa saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake, na kwa safari ya mwaka 1961 alipozunguka na wenzake wawili kwa gari maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi saratani hiyo ilipatikana na wapi haikupatikana. Ile tabia ya kuuliza hakuiacha. Baadaye akawa anawaandikia madaktari wa hospitali za misheni kote Afrika: mwezi huu mmepata wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Wangapi wa mawe ya nyongo? Majibu yalifanana. Mawe ya nyongo yalikuwa miongoni mwa magonjwa adimu kabisa vijijini. Mwaka 1975 aliandika pamoja na Tunstall makala mahsusi kuhusu jiografia ya mawe hayo, na maelezo yake yalikuwa chakula: watu wanaokula nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na ndizi wanapata nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi zinawakinga.

Hapo ndipo Mlima Meru wenyewe unaleta ugumu. Kwenye miteremko yake wanakaa Wameru na Waarusha, wakulima wa migomba, mahindi na maharage, watu wa loshoro na makande. Hao wanamfaa Burkitt bila shida. Lakini mtu akishuka upande wa magharibi au kaskazini, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, anaingia kwenye mbuga za wafugaji ambao kwa desturi hawakuwa na nyuzinyuzi za kuhesabika katika chakula chao, na bado mawe hawakuwa nayo. Nadharia mbili kubwa za karne ya 20 kuhusu nyongo zilikaa ubavu kwa ubavu kwenye mlima mmoja, na hazikubaliani.

Mwaka 1999 Timothy Johns na wenzake waliongeza kipande cha tatu. Walichunguza magome na mizizi ambayo Wabatemi wa wilaya ya Ngorongoro huchemsha pamoja na supu ya nyama na maziwa, wakakuta ndani yake saponini, viambato vinavyotoa povu kama la sabuni na vinavyoweza kuzuia lehemu isinyonywe tumboni. Wamasai nao wana desturi kama hiyo: supu ya nyama huchemshwa na magome, ikawa chungu na nyeusi. Inawezekana kabisa kwamba wazee waliotia gome chunguni walikuwa wanafanya kazi ambayo wanasayansi wawili waliotangulia hawakuiona, kwa kuwa mmoja alikuwa anahesabu mafuta na mwingine anahesabu nyuzinyuzi. Ongeza kutembea kilomita nyingi nyuma ya ng'ombe, ongeza urithi wa damu, na jibu kamili linakuwa refu kuliko makala yoyote. Tena kuna tahadhari ambayo msomaji makini hawezi kuiacha. Mawe mengi ya nyongo hayaumi. Kabla ya ultrasaundi kuenea, jiwe lisilouma lilionekana tu tumbo likipasuliwa kwa sababu nyingine au mwili ukichunguzwa baada ya kifo. Sehemu ya uadimu ule ilikuwa uadimu wa macho ya kutazamia.

Wapasuaji wa eneo hili walikuwa na kazi nyingine nyingi mno za kufanya. Tiba ya kizungu ilifika Meru pamoja na misheni, na haikufika kwa amani. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Oktoba 1896. Wajerumani wakalipiza kisasi kikali, na kufikia mwaka 1900 boma lao lilikuwa limesimama Arusha, pale penye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe leo. Misheni ilirudi Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904, na baada ya miongo kadhaa Walutheri walikuwa na hospitali Nkoaranga upande wa Wameru na Selian upande wa Waarusha, kule Ngaramtoni. Serikali ilikuwa na hospitali yake mjini, ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Katika vyumba vya upasuaji vya namna hiyo walipita wanawake wenye uzazi pingamizi, wanaume wenye ngiri iliyobana, watu waliokanyagwa na nyati, mifupa iliyovunjika, utumbo uliojisokota. Kifuko cha nyongo kilikuwa kiungo cha kwenye kitabu.

Na kitabuni kilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1867 John Bobbs wa Indianapolis alifungua tumbo la mwanamke akidhani atakuta uvimbe, akakuta kifuko kilichojaa mawe. Akakipasua, akayatoa, akashona, na mgonjwa akapona. Tarehe 15 Julai 1882 Carl Langenbuch, katika hospitali ya Lazarus mjini Berlin, alikwenda mbali zaidi, akakitoa kifuko chote kwa mwanaume wa miaka 43. Hoja yake ilikuwa kwamba kifuko kiondolewe kwa sababu ndicho kinachozaa mawe, na kuyatoa mawe peke yake ni kumpa mgonjwa likizo. Miaka mitatu baadaye serikali ya Berlin ilitangaza himaya yake juu ya sehemu za bara ya nchi hii. Bendera ya Langenbuch ilifika Arusha haraka. Upasuaji wake ulichelewa sana.

Ulipoanza kuhitajika, ulihitajika zaidi kwa wale wenye kifuko kilichokwisha kuwaka moto, yaani maambukizi ya ghafla. Ni ugonjwa wenye mwendo wake. Mtu anakula vizuri jioni, pengine nyama ya mafuta. Usiku maumivu yanamshika chini ya mbavu za kulia au katikati juu ya kitovu, yanapanda mgongoni hadi kwenye bega la kulia, na hayaachii. Anatapika. Jiwe limejibana kwenye shingo ya kifuko, nyongo haitoki, ukuta unavimba, na baada ya muda bakteria wa utumboni wanapata makazi kwenye kile kilichotuama. Homa inakuja. Daktari anaweka vidole chini ya mbavu za kulia, anabonyeza taratibu na kumwambia mgonjwa avute pumzi ndefu. Ini linashuka, kifuko kilichovimba kinagusa vidole, na pumzi inakatika katikati. Kipimo hicho kina jina la John Murphy wa Chicago, hakihitaji umeme wala pesa, na mpaka leo muuguzi mwenye uzoefu anaweza kukifanya kwenye zahanati yoyote ya Ngarenanyuki.

Tatizo ni kwamba hakifanywi mara nyingi inavyopasa. Kaskazini mwa Tanzania, kama kwingineko nchini, maumivu ya juu ya tumbo huitwa kwanza vidonda vya tumbo. Mgonjwa hununua dawa za vidonge duka la dawa, anaacha pilipili na maharage, anakunywa maziwa. Homa ikiingia, hutibiwa malaria au taifodi. Haya si uzembe wa mtu mmoja. Ni urithi wa ile miaka ambapo ugonjwa haukuwepo: vizazi kadhaa vya matabibu vilifunzwa na walimu ambao nao hawakuwa wameuona, na mazoea ya kliniki hubadilika polepole kuliko vyakula vya watu.

Vyakula vilibadilika upesi. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta Jiji la Arusha na watu 416,442. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Wengi wao ni watoto wa migombani na wa bomani waliohamia Sakina, Kijenge, Muriet au Sombetini, wakaacha kutembea na kuanza kupanda daladala na bodaboda. Gome la supu lilibaki nyumbani, nyama ikaja nayo mjini. Kwa Mrombo moshi wa nyama choma hauzimiki, na chipsi mayai inapatikana kila kona baada ya magharibi. Tafiti za taifa za afya ya uzazi zilionyesha kwamba wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, na asilimia 28 mwaka 2015–16. Mwanamke aliyezaa, mwenye uzito mkubwa, wa umri wa kati, ndiye ambaye vitabu vya upasuaji vilimtaja tangu zamani kuwa mgonjwa wa kawaida wa mawe ya nyongo. Ultrasaundi nayo ikawa imeingia hadi kwenye kliniki binafsi za mjini. Mawe yakaanza kuonekana kwa sababu yalikuwa yameongezeka, na kwa sababu sasa kulikuwa na wa kuyaona.

Njia iliyokuwepo ya kuyatoa ilikuwa mkato mkubwa. Daktari hukata sambamba na mbavu za kulia, sentimita 15 au zaidi, akipita kwenye ngozi, mafuta na misuli mpaka alifikie ini. Theodor Kocher wa Uswisi alituachia jina lake kwenye mkato huo. Ni upasuaji mzuri na uliookoa wengi, lakini gharama yake kwa mwili inajulikana: mgonjwa hulala hospitali siku nyingi, kila pumzi inauma, kikohozi kinaogopwa, mapafu yanapata maji, kidonda kinaweza kuchimba. Kwa mama anayelima shamba Akheri au kuuza mboga Soko la Kilombero, wiki sita bila kubeba kitu kizito ni wiki sita bila kipato.

Habari kwamba kuna njia nyingine ilianzia mji mdogo wa Böblingen, karibu na Stuttgart. Tarehe 12 Septemba 1985 Erich Mühe alikitoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo, akitumia chombo alichokiunda mwenyewe na kukiita galoskopi. Aliwaeleza wenzake kwenye mkutano wa wapasuaji wa Ujerumani mwaka uliofuata; hawakumjali, wengine walimbeza. Hadi Machi 1987 alikuwa ameshafanya 94. Mgonjwa wake mmoja alipofariki alishtakiwa, na ilichukua hadi 1990 kusafishwa. Chama kilekile kilichompuuza kilimtunuku mwaka 1992. Katikati ya hayo, Philippe Mouret wa Lyon alikuwa amefanya upasuaji huo mwezi Machi 1987 kwa msaada wa kamera ya video, na Jacques Périssat wa Bordeaux akaonyesha filamu yake mjini Louisville, Marekani, mwaka 1989. Kamera ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kabla yake, aliyekuwa anachungulia ndani ya tumbo alikuwa mmoja, jicho lake kwenye mrija. Wasaidizi walibaki wanangoja. Picha ilipohamia kwenye televisheni, chumba kizima kiliona, na kazi ikawa ya kufundishika.

Afrika haikuwa imeachwa mbali kabisa na mrija wa kuchungulia. Tangu miaka ya 1970 shirika la JHPIEGO la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilikuwa likiwafundisha madaktari wa nchi zinazoendelea kutumia laparoskopi kwa ajili ya kufunga uzazi. Chombo kilikuwepo kwa baadhi ya madaktari wa wanawake miaka kumi na zaidi kabla ya Mühe. Kilichokosekana kilikuwa ujuzi wa kukitumia kukata, kufunga mishipa na kutoa kiungo.

Kwa mgonjwa wa Arusha, kwa muda mrefu, swali la upasuaji mgumu lilikuwa swali la barabara au la ndege. Katika miaka ya 1950, kwenye shamba la Ol Molog kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayotazama Meru, ndiko Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wapasuaji watatu, walikopanga huduma iliyokuja kuwa AMREF, yenye madaktari warukao. Tangu 1983 Flying Medical Service ya Arusha imekuwa ikitua kwenye viwanja vya vumbi vya Umasaini kwa kliniki na kubeba wagonjwa mahututi. Wenye uwezo walikwenda Nairobi kupitia Namanga. Wengine wote waliandikiwa rufaa, na rufaa ya kaskazini ilikuwa na mahali pake pamoja: KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kilomita 80 hivi kutoka Arusha.

Ni kwa barabara hiyohiyo upasuaji wa matundu ulivyoifikia Arusha. KCMC ilianza ushirikiano na hospitali za Northumbria, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwaka 1999. Katika miaka iliyofuata mpasuaji Liam Horgan na wenzake walikuja Moshi mara kwa mara kufundisha laparoskopi, na kifuko cha nyongo kikawa moja ya kazi za kwanza. Kilichoupa mpango huu uzito ni kwamba haukuwa wa kuja kupasua na kuondoka. Wageni walisimama pembeni mapema, mikono nyuma. Baadaye masomo yaliendelea kwa intaneti: mpasuaji anafanya kazi Moshi, mwalimu anaitazama picha ileile akiwa Uingereza na kuzungumza naye. Hospitali nyingi za Afrika zimepewa mashine za laparoskopi ambazo leo zimefunikwa shuka kwenye kona ya stoo. Moshi ilipewa walimu pamoja na mashine, na tofauti inaonekana.

Anayejifunza, awe Moshi au Lyon, huanzia kwenye sanduku. Ndani kuna kamera na ubao wenye vigingi. Anashika vyombo viwili vyembamba virefu vilivyopita kwenye matundu ya kifuniko, anatazama skrini, na anatakiwa ahamishe vipande sita vya mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila kipande akikipokezanisha hewani kutoka mkono huu kwenda ule, kisha avirudishe vyote. Dakika za kwanza ni za aibu. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo huenda kushoto, kwa sababu chombo kinazungukia pale kilipopenya. Skrini haina kina. Kipande kinaanguka, kinaokotwa, kinaanguka tena. Mpasuaji wa miaka ishirini aliyezoea kugusa ini kwa vidole hujikuta mwanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya wiki kadhaa mkono unaacha kubishana na jicho, na hapo ndipo anapokaribishwa mezani, kwanza kushika kamera tu.

Mezani mambo huenda hivi. Mgonjwa anapewa nusu kaputi kamili na mrija wa kupumulia. Tundu la kwanza hupitishwa kitovuni, na kaboni dayoksaidi huingizwa taratibu mpaka tumbo linainuka na viungo vinaachana. Matundu mengine matatu hufuata, moja chini ya kidari na mawili madogo upande wa kulia, ya milimita tano. Kifuko kinainuliwa juu ya ini, na kazi yote ya hatari inabaki kwenye eneo dogo la pembetatu lililopewa jina la Mfaransa Jean-François Calot, palipo mfereji wa kifuko na mshipa wake. Kila mchinjaji anajua jinsi ya kuibandua nyongo kutoka kwenye ini la mbuzi bila kuipasua. Mpasuaji anafanya hivyo ndani ya mtu aliye hai, huku mfereji mkuu wa nyongo ukipita milimita chache kando. Ukikatwa huo kwa makosa, mgonjwa ameharibikiwa kwa miaka. Ndiyo maana mwaka 1995 Steven Strasberg alisisitiza kanuni ambayo walimu wote huirudia: usikate chochote mpaka umesafisha pembetatu nzima na umeona wazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko.

Kwenye kifuko kilichowaka moto, kanuni hiyo ni ngumu kuitimiza. Ukuta ni mnene, mwekundu, unavuja damu ukiguswa. Mafuta ya tumboni yamekumbatia kila kitu. Katika miaka ya mwanzo ya laparoskopi wapasuaji wengi waliona maambukizi ya ghafla kuwa sababu ya kutoigusa kamera kabisa. Walimpa mgonjwa dripu na dawa za bakteria, wakangoja wiki sita moto upoe, ndipo wakapasua. Mawazo yaligeuka polepole. Mwaka 2013 utafiti uliofanywa Ujerumani na Slovenia kwa wagonjwa 618 uliwalinganisha waliopasuliwa ndani ya saa 24 baada ya kulazwa na wale waliongojeshwa. Waliopasuliwa mapema walipata matatizo asilimia 11.8, waliongoja asilimia 34.4, na siku za kulala hospitali zilipungua karibu kwa nusu. Sababu ni ya kimwili tu: siku za kwanza uvimbe ni wa maji na tabaka huachana kirahisi, baada ya wiki moja tabaka zimeshikana.

Takwimu hizo zikiletwa Arusha zinaulizwa maswali ambayo Ujerumani hayakuwepo. Saa 24 kuanzia lini? Mgonjwa wa Loliondo yuko zaidi ya kilomita 300. Wa Longido au Karatu huenda ameshakaa siku nne na dawa za vidonda vya tumbo kabla ya mtu yeyote kumwandikia ultrasaundi. Gesi nayo: Tanzania ina kaboni dayoksaidi ya asili, na kampuni ya TOL Gases huivuna Rungwe, mkoani Mbeya, gesi ileile ya kwenye soda, lakini ya hospitali lazima iwe safi kwa kiwango cha tiba, kwenye mtungi unaokubali mashine, na mtungi wa akiba uwepo. Umeme ukikatika, skrini inazimika huku vyombo viko tumboni. Na zaidi ya vyote yuko mtaalamu wa usingizi. Gesi inayojaza tumbo inaingia kwenye damu na kuyasukuma mapafu juu, kwa hiyo anahitaji kipimo cha kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye pumzi, na anahitaji kuwa mtu aliyefunzwa vizuri. Anayeandika orodha ya vifaa vya kununua na kusahau kumwandika huyu amenunua televisheni ghali.

Arusha ilijijenga katikati ya mahitaji hayo. Mwaka 2008 kanisa la Kilutheri lilifungua mjini Arusha Lutheran Medical Centre, tawi lililokua kutoka Selian, na mpango wa PAACS, unaowafunza wapasuaji katika hospitali za misheni za Afrika, ukaweka mafunzo yake hapo. Jiji lina pia makao makuu ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1999, kikarithi kazi ya Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki cha mwaka 1950, na tangu 2007 kinashirikiana na chuo cha kifalme cha wapasuaji cha Ireland. Hakina madarasa makubwa wala mabweni. Daktari anabaki kwenye hospitali yake, anafunzwa akiwa kazini chini ya mpasuaji mwandamizi, kisha anafanya mtihani wa pamoja na wenzake wa nchi nyingine. Mpango huo unaifaa hali ya hapa kuliko ule wa kumpeleka kijana Ulaya kwa miaka mitano, kwa sababu mgonjwa wake na mwalimu wake na umeme wake unaokatika vyote viko mahali pamoja.

Malipo yanabaki kuwa ukuta. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa mwaka 2023, lakini muuza mboga asiye na kadi bado anapima upasuaji wa matundu kwa bei ya siku hiyo. Hesabu ya haki ingeweka pia zile wiki sita anazozipoteza kwa mkato mkubwa, na ankara ya hospitali haina mahali pa kuziandika.

Kuna suala moja ambalo walimu wa upasuaji wanalijadili sasa, na linazihusu Arusha na Moshi kwa namna ya pekee. Kizazi kilicholeta laparoskopi kaskazini kilikuwa kimeshajua mkato wa Kocher. Kifuko kilipogoma, kamera iliwekwa chini na tumbo likafunguliwa, na hakuna aliyeona kwamba ameshindwa. Wanaofunzwa leo Ulaya wanaweza kumaliza masomo wakiwa wamefungua matumbo machache sana kwa ajili ya nyongo. Hapa, ambako wagonjwa wengi hufika siku ya tano au ya sita kifuko kikiwa kimeshikana na utumbo, ujuzi wa kufungua ni lazima, na hata ule unaofanana na wa Bobbs, wa kupasua kifuko, kutoa mawe na kuacha mrija, bado unaokoa mtu aliyechoka sana. Wanafunzi wa COSECSA huandika kila upasuaji wanaoufanya kwenye daftari la kielektroniki: ni upasuaji gani, na kama walisaidia tu au waliuongoza wenyewe. Mwalimu anayesimamia kijana wa miaka hii ana sababu ya kulisoma daftari hilo kwa makini, akitafuta matundu manne na akitafuta pia mkato wa chini ya mbavu, kabla hajamwachia zamu ya usiku peke yake.